Kombe la JSL: Verdy walibeba manne mfululizo, sio matatu

Kila nikiongelea mpira wa Japani lazima atokee mtu aniambie wale wameanza 1993. Hapana jamani. 1993 ndo ligi ya J.League ilipoanza, ila mpira ulikuwepo, na kombe la ligi lilikuwepo pia, hilo Kombe la JSL, lilianza 1976 likaishia 1991, na mimi ninayefuatilia historia ya soka la Asia miaka yote hii naona linaonewa sana.

Ligi ya zamani ilikuwa inaitwa JSL (Japan Soccer League), ilianza 1965 na timu 8, nyingi ni za makampuni, Mitsubishi, Hitachi, Furukawa, Yanmar wale wa injini za dizeli. Wachezaji wengi walikuwa waajiriwa wa kampuni kabisa, mtu anapiga kazi yake kisha ndo anaenda mazoezini. Waliokua wakiangalia Mtibwa Sugar au Kenya Breweries hapa hawahitaji maelezo marefu. Na msiseme ni mpira wa bonanza, Kamamoto wa Yanmar alikuwa mfungaji bora Olimpiki ya 1968, goli 7, Japani ikachukua shaba.

Sasa hili kombe utamu wake ni kwamba daraja la kwanza na la pili wote walikuwa wanaingia. 1981 Toshiba wako daraja la pili, wakafika fainali na Mitsubishi, mshindi hakupatikana, wakapewa ubingwa wote wawili. Hiyo ndo fainali ninayoipenda kuliko zote za kombe hili! Hao Mitsubishi leo unawajua kama Urawa Reds, na Toshiba ndo waliohamia Sapporo wakawa Consadole.

Mwishoni walitawala wawili tu. Timu ya Nissan walibeba 1988, 1989 na 1990, timu ya Yomiuri wakabeba la 1991, la mwisho kabisa. Baada ya hapo JSL ikavunjwa kupisha ligi ya kulipwa, na Kawabuchi, bosi wa J.League wakati huo ambaye mwenyewe aliwahi kuchezea Furukawa, akashikilia kwamba timu ziitwe kwa miji yake sio kwa kampuni. Nissan wakawa Yokohama Marinos, Yomiuri wakawa Verdy Kawasaki. 1992 ligi ilikuwa bado, kwa hiyo wakacheza kombe jipya tu, Verdy wakabeba, wakabeba tena 1993 na 1994.

Hapa ndo huwa nabishana na watu. Vitabu vya kumbukumbu vinahesabu kombe la ligi kuanzia 1992, kwa hiyo Verdy wana matatu mfululizo. Lakini weka la 1991, klabu ni ileile, mshambuliaji wao Kazu Miura ni yuleyule, ni manne! Na Marinos ndo wameumia zaidi, wanahesabiwa moja tu la 2001, yale matatu ya Nissan yamewekwa pembeni kana kwamba yalibebwa na timu nyingine.

Halafu angalia mechi ya kwanza kabisa ya J.League, tarehe 15 Mei 1993, Uwanja wa Taifa Tokyo, watu 59,626. Walipangwa Verdy na Marinos. Verdy walitangulia kwa goli la mchezaji wao Meijer, Marinos wakapindua, 2-1. Dunia nzima iliambiwa huo ni mwanzo, na waliokuwa uwanjani ni mabingwa wawili wa mwisho wa Kombe la JSL.