Mgongano wa maslahi kwa daktari wa timu

Kwa daktari wa michezo, mgongano wa maslahi maana yake ni hii: anayemtibu ni mchezaji, anayemlipa ni klabu. Siku nyingi hakuna tatizo, kwa sababu wote wanataka goti lipone. Tatizo linakuja goti likihitaji wiki 6 na fainali ikiwa Jumamosi.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Chelsea. Tarehe 8 Agosti 2015 walikuwa 2–2 na Swansea, mechi inaelekea ukingoni, nao wako 10 baada ya kipa Thibaut Courtois kulimwa kadi nyekundu. Eden Hazard wa Chelsea akaanguka. Mwamuzi akawaita watu wa tiba, Dk. Eva Carneiro akaingia na mwenzake Jon Fearn. Kwa kanuni, mchezaji aliyetibiwa uwanjani kwa kawaida lazima atoke nje kwanza, kwa hiyo Chelsea wakabaki 9 kwa muda. Kocha José Mourinho akawaka, akasema hadharani kwamba hata daktari wa benchi anapaswa kuuelewa mchezo. Carneiro akaondolewa benchi, Septemba akaacha kazi. Juni 2016 klabu ikamwomba radhi na kukiri kwamba alifuata kanuni za mchezo na wajibu wake wa udaktari. Wapo wanaosema Hazard hakuwa ameumia sana. Sawa, lakini hilo hujulikana baada ya kumpima.

Pale aliyembana daktari alikuwa bosi. Kwangu mimi, mtihani mzito zaidi ni daktari anapobanwa na mgonjwa wake mwenyewe. Aprili 2009, London, robo fainali ya Kombe la Heineken la raga, Tom Williams wa Harlequins alitafuna kidonge cha damu bandia ili aonekane anavuja damu, na Nick Evans, mpigaji hodari aliyekwisha kutolewa, aruhusiwe kurudi kuchukua nafasi yake. Wapinzani wao, Leinster, wakashtuka. Chumbani, Williams akamsihi daktari wa timu yake, Dk. Wendy Chapman, amchane mdomo ili kidonda kiwepo kweli. Akamchana. Leinster walishinda 6–5 hata hivyo. Chapman alisimamishwa udaktari, kisha mwaka 2010 akapewa onyo na kuruhusiwa kurudi kazini. Idhini ya mgonjwa ilikuwepo. Ugonjwa ndio haukuwepo.

Sindano ya ganzi kabla ya mechi ina utata wa aina hiyohiyo. Mchezaji anasema "nichome tu, Dokta", lakini huyo ana mkataba unaoisha na familia inayomtegemea. Akiwa amegongwa kichwa ndiyo kabisa, maana ubongo anaoutumia kusema "niko fiti" ndio ulioumia. Kisha kuna siri: kocha ana haki ya kujua kama mtu anaweza kucheza, si kusoma faili lake lote.

Mahali pengine kanuni zenyewe zimepunguza mvutano. Mwaka 2021 soka lilianza kujaribu mabadiliko ya ziada kwa mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo, ili daktari akimtoa, timu isipoteze nafasi yake ya kawaida ya kubadilisha. Kwenye klabu ndogo, ambako "daktari" ni kijana mwenye barafu na dawa ya kupuliza aliyeletwa na kocha, kifungu kimoja cha mkataba kingesaidia sana: nani ana neno la mwisho mchezaji akiumia, na je, anaweza kufukuzwa kwa kulisema?