Uzuri wa nyumba ya Lamu huanzia kwenye boriti

Wateja wengi wanaotaka nyumba ya Kiswahili huanza na mlango wa nakshi na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Mimi huanza na dari. Katika nyumba za mawe za Lamu dari ni boriti za mikoko, na boriti ikizidi mita 3 hivi hunepa. Ndiyo maana misana, yaani vyumba vya nyumba hizo, ni mirefu na myembamba, mmoja nyuma ya mwingine, na mwanga huingilia kiwandani, yaani ua wa ndani. Kila ukivuka msana mwanga unapungua.

Sasa tazama safu za zidaka zilipo: chumba cha ndani kabisa, penye giza kuliko kote. Chokaa nyeupe iliyosuguliwa hudaka ule mwanga mchache unaofika, kila ukingo ukatupa kivuli chembamba, na ukuta mnene ukaonekana mwepesi. Zihamishie zidaka hizohizo kwenye ukumbi wa zege wa mita 6 wenye dirisha kubwa la kioo mbele yake, vivuli vyote vinafutika. Yanabaki mashimo ya kuwekea maua ya plastiki. Vipimo vya chumba ndivyo vilivyozipa uzuri. Fundi wa nakshi hawezi kuvifidia.

Lipu nayo ni hivyohivyo. Ukuta wa matumbawe na chokaa una chumvi na hunyonya unyevu kutoka ardhini, kisha huutoa kupitia usoni. Ukiupiga lipu ya saruji unyevu unakosa njia. Chumvi huganda nyuma ya saruji na kuisukuma mpaka ibanduke na vipande vya jiwe, huku ncha za boriti zilizomo ukutani zikioza polepole bila mtu kujua. Gonga kwa vifundo vya vidole: ukisikia mlio wa uwazi, lipu imeshaachana na ukuta.

Bandua saruji yote, usizibe viraka. Acha ukuta ukauke, ikibidi miezi kadhaa. Changanya chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa vizuri, sehemu 1, kwa mchanga safi sehemu 3. Mchanga wa ufukweni usiutumie, utarudisha chumvi ileile. Lowesha ukuta kwanza, kisha piga tabaka za milimita 10 hivi, kila moja ikikaza kabla ya inayofuata. Kinga na jua kali kwa magunia mabichi, kwa sababu chokaa ikikauka haraka hupasuka nyufa nyembamba na kugeuka unga ukiigusa.