Paka dume hakojoi, ofisi ya mifugo inakwambia njoo kesho

Mamdogo alinipigia saa nne asubuhi akiwa nje ya ofisi moja ya mifugo kule Moshi. Nasikia bodaboda zinapita, na nyuma ya bodaboda namsikia paka analia ule mlio wa chini, mrefu, ambao paka hautoi akiwa na njaa. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka, kisha akasema, "Mwanangu, Kibonge anakufa huyu na hawa wananiambia nije kesho."

Mimi ni daktari wa mifugo, kazi yangu ni hapa Arusha, asubuhi naweza kuwa Tengeru kwenye ng'ombe wa maziwa lakini mchana wangu mwingi ni mbwa na paka. Hilo neno njoo kesho wateja wameniletea mara nyingi sana, tofauti ya siku ile ni kwamba nilikuwa nalisikia likisemwa laivu, kwa mama aliyenilea miaka miwili nikiwa shule ya msingi.

Walichomwambia ni hiki: daktari ameenda kwenye chanjo vijijini, na kwa vile paka anachuchumaa na kujikamua basi ni choo kigumu, arudi nyumbani ampe mafuta ya kula vijiko viwili na kesho kama bado amlete. Nikamuuliza mamdogo wamemshika tumbo? Hawajamshika. Paka alikuwa kwenye kikapu cha sokoni amefunikwa kanga, na muda wote aliosimama pale kaunta hakuna mtu aliyeinua ile kanga. Yaani wametoa jibu la ugonjwa na dawa juu yake bila kuona hata sikio la mnyama.

Nikamwambia kaa hapo hapo kwenye benchi, usiondoke, jibu maswali yangu. Mara ya mwisho umeuona mkojo wake lini? Akasema hajui, Kibonge anamaliza haja zake huko kwenye migomba. Tangu lini anajikamua? Jana usiku, kama saa mbili. Ametapika? Mara mbili, povu. Anajilamba huku nyuma? Tangu alfajiri hajaacha. Nikamwambia ingiza mkono taratibu chini ya kanga, shika tumbo sehemu ya nyuma, karibu na mapaja, usibonyeze kwa nguvu, niambie unagusa nini. Akanyamaza kidogo. "Kuna kitu kama ndimu. Ngumu."

Hiyo ndimu ni kibofu. Paka mwenye choo kigumu hana ndimu, ana kitu kirefu kama kamba yenye mafundo, na kwa kawaida tumbo halimuumi kiasi hicho. Ukimwangalia kwa macho tu hawa wawili wanafanana kabisa, wote wanachuchumaa, wote wanajikamua, wote hawatoi kitu, ndio maana mafuta ya kula yameua paka wengi: mwenye paka anarudi nyumbani akiamini ameshatibu, na saa zinakwenda. Kumkamata paka kwa nguvu na kummiminia mafuta mdomoni nako kuna hatari yake, yanaweza kuingia mapafuni.

Paka dume ana mrija wa mkojo mwembamba mno kule mwishoni, katheta, yaani kamrija ka plastiki tunakoingiza kumzibua, ina kipenyo cha milimita 1 hivi, kwa hiyo vichangarawe vidogo kama mchanga laini, au ute uliochanganyika na chembechembe, vinatosha kuziba. Jike mrija wake ni mpana na mfupi, kwake hii ni nadra. Mkojo ukishindwa kutoka figo zinashindwa kufanya kazi, sumu inarudi kwenye damu, na katika hizo kinachoua haraka ni potasiamu, inapanda mpaka inapunguza mapigo ya moyo na mwisho inausimamisha. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu, na zikipita saa 24 wengi wanakuwa wameshaharibika vibaya. Kibonge tangu saa mbili usiku mpaka saa nne asubuhi alikuwa ametumia saa 14. Kesho ya ile ofisi ingekuwa saa 36 au zaidi.

Nikamwambia mamdogo rudi kaunta, weka laudi.

Nilichomwomba yule dada wa mapokezi sikupanga kabla, lakini nimekirudia kwa wateja wengi baadaye na kinafanya kazi, kwa hiyo nakiandika hapa kama kilivyo. Nilimsalimia, nikasema mimi ni daktari nipo Arusha, nikasema: dada yangu, hapo mbele yako kuna paka dume wa miaka minne, ana saa 14 hajakojoa, ametapika mara mbili, kibofu kimejaa na ni kigumu. Naomba unijibu mawili tu. Leo kuna daktari aliyesajiliwa anayeweza kufika hapo kabla ya saa saba? Na mna katheta ya paka? Kimya. Akasema ngoja niulize, akaita kaka mmoja kutoka ndani, yule kaka akaja na kusema kwa sauti ya chini kabisa, "Dokta, kwa kweli hatuna. Hapa sisi ni ng'ombe na kuku tu."

Nikamshukuru, na nilimaanisha, maana lile lilikuwa jibu la kwanza la kweli tangu mamdogo afike pale saa mbili na nusu.

Ofisi kukosa katheta ya paka si kosa. Ofisi nyingi za mifugo za serikali zimewekwa kwa ajili ya mifugo ya uchumi, kuna chanjo za kuzunguka nazo, kuna ndigana kali inayomaliza ndama, kuna ukaguzi wa nyama machinjioni, kuna vibali vya kusafirisha mifugo, na mtu mmoja anaweza kuwa na eneo ambalo hata kwa pikipiki halimalizi kwa wiki. Na anayekaa pale mara nyingi ni mwenye cheti au diploma ya mifugo, wengine wamesoma hapa hapa chuo cha mifugo cha LITA Tengeru, wamefundwa vizuri kwenye kazi yao, ila kuzibua paka si kazi unayoifanya bila daktari. Hayo yote nayakubali. Nisichokubali ni kuficha hatuwezi ndani ya njoo kesho. Mtu akiambiwa hatuwezi saa mbili na nusu asubuhi anapanda gari anatafuta pengine, akiambiwa njoo kesho anarudi nyumbani na kikapu chake na matumaini.

Nilishakaa upande ule wa kaunta nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa nne SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tulipopelekwa mafunzo kwa vitendo, na najua ile njoo kesho inatoka wapi. Inatoka kwenye aibu. Umevaa koti jeupe, mama wa watu amekuita dokta, mlango una bango la huduma za mifugo, halafu useme huyu sina la kumfanyia? Ulimi unakuwa mzito. Kesho inakuokoa wewe, haimwokoi mnyama. Wenzangu wa kazi mnaosoma hapa, naomba sana, semeni hatuwezi mapema na muwe na namba mbili tatu za madaktari wa wanyama wadogo mmebandika ukutani, haigharimu chochote.

Na wewe mwenye paka, tatizo linaanza na namna tunavyofika kaunta. Tunasema paka anaumwa, hali chakula, amelegea. Hiyo hata mimi ningeiweka nyuma ya foleni, maana asilimia kubwa ya wagonjwa wote wanalegea na hawali. Sema jinsia, umri, saa ngapi imeanza, kitu gani hasa hakitoki au kinatoka, mara ngapi. Nenda na video, video ya simu ya sekunde 20 ya paka anachuchumaa bila kutoa kitu inashinda maelezo ya nusu saa. Halafu uliza maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana, kama yale mawili ya juu. Wakisema hawawezi, omba wakuandikie kwenye karatasi dawa yoyote waliyompa, jina na kiasi na saa, maana mimi nikimpokea sijui amechomwa nini naogopa kumwongezea dawa ya usingizi juu yake. Huko kwenye ofisi za serikali ukilipia huduma unapewa kontroo namba, tunza ile risiti.

Una haki pia ya kuuliza aliyekuhudumia ni nani. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetoa tiba ya wanyama atambulike na Baraza la Veterinari Tanzania, madaktari kwa nafasi yao na wataalamu wasaidizi kwa nafasi yao, na kuuliza kwa adabu, samahani, wewe ni daktari au ni afisa mifugo?, si matusi. Baraza ndilo linapokea pia malalamiko ya utendaji wa madaktari. Ila hilo ni la wiki ijayo, paka akiwa hajakojoa usipoteze hata dakika kumi kugombana na mtu wa mapokezi, nimeona watu wamegombana wakashinda ugomvi na mnyama akafia kwenye kikapu.

Wakati unahangaika kutafuta gari kuna vitu usimfanyie. Usimminye tumbo ili akojoe, kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Usimpe Panadol, hata kama kilio chake kinakukata maini, ini la paka haliwezi kuivunja ile dawa na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Diklofenaki ile ya binadamu vilevile hapana, figo zake tayari ziko taabani. Na usimbebe kwenye salfeti au begi la shangazi kaja umefunga zipu, paka aliyeziba anahema kwa shida, mweke kwenye kikapu au boksi lenye matundu, nguo chini. Njiani weka kiganja kifuani nyuma ya mguu wake wa mbele wa kushoto, hesabu mapigo kwa sekunde 15 uzidishe kwa nne. Paka mzima ana 140 hadi 220 kwa dakika. Yakishuka chini ya 140 na mwili unaanza kuwa wa baridi, pigia unakokwenda uwaambie wajiandae, hiyo ni potasiamu imeshafika kwenye moyo.

Mamdogo alichukua Noah kutoka Moshi, kilomita 80 hivi mpaka hapa, akalipia siti mbili ili kikapu kisikae miguuni kwa watu. Kila baada ya dakika 20 ananitumia namba ya mapigo: 172, 160, 164, 148. Alipofika Usa River ilikuwa 140 na mimi nilikuwa tayari nimechemsha maji ya chupa za kumpasha joto.

Kibonge alikuwa na kilo 6 na kitu, paka wa kukaa jikoni, analishwa dagaa wakavu na maji anakunywa akijisikia. Uzito, kutotembea na maji kidogo, vyote vitatu vinasukuma huko huko. Tukaweka dripu kwanza, kalisiam ya kulinda moyo, halafu dawa ya usingizi kidogo sana maana moyo ulikuwa hauruhusu zaidi. Katheta iligoma mara mbili. Unashika ile ncha kwa vidole viwili, unasukuma maji ya saline polepole, unavuta, unasukuma tena, na unasikia kwenye vidole kama punje za chumvi zinakwaruza plastiki. Mara ya tatu ikateleza yote, na ule mkojo ukaja wenyewe kwenye bakuli, mwekundu mzito kama chai ya rangi iliyochemka sana. Mamdogo alikuwa amesimama mlangoni, akakaa chini palepale sakafuni.

Alilala kwetu siku tatu na katheta imeshonwa, tunapima mkojo unaotoka na dripu inayoingia, maana kikishazibuliwa kibofu figo huwa zinamwaga maji mengi kupita kiasi na unaweza kumpoteza kwa kiu baada ya kumuokoa na kuziba. Siku ya nne akakojoa mwenyewe. Ugonjwa huu unarudi, hilo nilimwambia mamdogo wazi, na wiki za mwanzo ndizo mbaya. Kwa hiyo migomba imefungwa kwanza. Kibonge analala chumba cha uani na beseni la mchanga mkavu uliochekechwa, dagaa wanalowekwa na kuchemshwa na maji yake yote anakunywa kama supu, kikombe kimoja asubuhi kimoja jioni, na bakuli tatu za maji sehemu tatu tofauti za nyumba mbali na chakula.

Paka anayekojoa vizuri anaacha mabonge mawili mpaka manne ya mchanga ulioloa kwa siku, makubwa kama yai la kuku au kuzidi. Vibonge vingi vidogo kama njugu maana yake anajikamua. Beseni kavu mpaka jioni maana yake ingia barabarani. Mamdogo hajawahi kupenda simu hizi za kugusa, ila sasa kila asubuhi kabla ya chai ananitumia picha ya beseni WhatsApp, na kijiko cha chakula amekilaza pembeni ili nione ukubwa. Leo yalikuwa matatu.