Vibadala vya sukari: tuhesabu miligramu kabla ya kuogopa

Tangu Julai 2023 swali linaloulizwa zaidi kuhusu soda za "zero", zile zisizo na sukari, ni moja tu: je, zinaleta saratani? Mwezi huo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka aspatame, kibadala cha sukari kilichomo kwenye nyingi ya soda hizo (kwenye paketi utaiona kama E951), katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Habari ilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa imebaki na neno "saratani" peke yake. Kilichoachwa njiani ni kwamba siku hiyohiyo JECFA, kamati ya wataalamu wa viongezeo vya chakula iliyo chini ya WHO na FAO (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula), ilitangaza kwamba haioni sababu ya kubadili kiwango kinachokubalika kwa siku, ambacho ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili.

Wengi walidhani taasisi hizi mbili zinapingana. Hazipingani. IARC huuliza kama kitu kina uwezo wa kuleta saratani, bila kujali kinaliwa kiasi gani. JECFA huuliza mtu anaweza kula kiasi gani kila siku, maisha yake yote, asidhurike. Humo humo kwenye kundi la 2B imo dondoo ya jani zima la mshubiri. Na ushahidi wa aspatame kwa binadamu, uliohusu saratani ya ini, IARC wenyewe waliuita finyu.

Chukua kalamu tuhesabu. Mtu wa kilo 60 mara miligramu 40 ni miligramu 2,400 kwa siku. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu aspatame isizidi miligramu 600 kwa lita ya kinywaji, kwa hiyo chupa ya mililita 300 haipiti miligramu 180. Gawanya: ni chupa 13 kila siku, siku zote, ndipo mtu huyo aufikie mpaka. Na mpaka wenyewe umewekwa mbali na hatari: wataalamu walichukua dozi ambayo wanyama wa maabara walilishwa bila kuonekana na madhara, miligramu 4,000 kwa kilo, wakaigawa kwa 100. Ile hofu kwamba aspatame hugeuka methanoli, aina ya pombe yenye sumu, nayo ina ukweli wake, lakini ni mdogo. Aspatame ikimeng'enywa, takriban sehemu moja ya kumi hugeuka methanoli, na glasi ya juisi ya nyanya inakupa zaidi ya hiyo.

Mtu mzima mwenye afya anayekunywa chupa moja ya soda hizo sina sababu ya kumtisha. Isipokuwa mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao PKU, ambaye mwili wake hauwezi kuvunja fenilalanini, moja ya vitu vinavyounda aspatame. Huyo aspatame asiiguse kabisa, na ndiyo maana paketi huandikwa kwamba bidhaa ina fenilalanini. Wanaonitia wasiwasi ni wengine: mtoto wa kilo 15, na mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka ghafla.

Mtoto na barafu ya kifuko

Viwango vyote hivi vinahesabiwa kwa kilo ya mwili, na hapo ndipo mtoto anapoumia. Ile hesabu ya chupa 13, kwa mtoto wa kilo 15 inakuwa chupa 3 na kidogo. Lakini vinywaji anavyopenda mtoto mara nyingi si vya aspatame. Juisi za unga za kuchanganya na maji, na barafu za vifuko za rangi kali, aghalabu hutiwa utamu wa bei nafuu zaidi: sakarini (E954) na saiklameti (E952). Mara nyingi huwekwa pamoja, sehemu kumi za saiklameti kwa moja ya sakarini, kwa sababu sakarini ikiwa peke yake huacha uchungu nyuma ya ulimi na saiklameti huuficha.

Sakarini ni ya zamani, iligunduliwa mwaka 1879 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Miaka ya 1970 ilihusishwa na saratani ya kibofu kwa panya. Baadaye ikaeleweka kwamba panya dume wana mkojo wa aina ya pekee ambamo sakarini nyingi husababisha chembechembe ngumu zinazokwaruza kibofu, jambo lisilotokea kwa binadamu, na Marekani ikaondoa onyo kwenye paketi mwaka 2000. Saiklameti ina kisa tofauti. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1969 na haijairudisha, ingawa Ulaya na nchi nyingine nyingi zinairuhusu. Shaka yake iko tumboni: kwa baadhi ya watu, bakteria wa utumbo huigeuza kuwa saikloheksilamini, kemikali iliyoonekana kudhuru korodani za panya. Mpaka wa saiklameti umewekwa kwa kuiangalia kemikali hiyo, na ni mdogo: JECFA inasema miligramu 11 kwa kilo, Umoja wa Ulaya unasema 7.

Kwa mtoto wa kilo 15, saba za Ulaya ni miligramu 105. Kinywaji kilichotiwa saiklameti hadi ukomo unaoruhusiwa huko, miligramu 250 kwa lita, kitamfikisha hapo kwa mililita 420, kikombe kikubwa na nusu. Hapo nimechukulia kwamba mtengenezaji amefuata sheria, na kwamba mama aliyechanganya amefuata maelezo. Unga wa kutosha lita mbili ukikorogwa kwenye lita moja "ili ikolee", kila hesabu inazidishwa mara mbili, na kikombe kidogo tu kinatosha kuvuka.

Kwa wanaotengeneza barafu za kuuza nina ombi la dhati. Ukikuta sakarini ya unga inauzwa ya kupima, usiipime kwa kijiko. Utamu wake ni kati ya mara 300 na 500 ya sukari. Kupata utamu wa gramu 80 za sukari katika lita moja, unahitaji chini ya gramu 0.3. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu kama 4 au 5, yaani utamu wa lita 15 na zaidi. Hakuna mizani ya duka wala mkono uliozoea unaoweza kupima gramu 0.3 sawasawa. Na hata ukipatia, lita hiyo ina sakarini karibu miligramu 270, wakati mtoto wa kilo 15 kiwango chake kwa siku, kwa mpaka wa JECFA wa miligramu 5 kwa kilo, ni 75. Ataumaliza kwa mililita 280. Ulaya, kinywaji cha kawaida hakiruhusiwi kuzidi miligramu 80 kwa lita. Afadhali tumia sukari kidogo, gramu 50 au 60 kwa lita, pamoja na ukwaju au maji ya ndimu yenye ladha yake, kuliko kutia unga ambao huwezi kuupima.

Watoto wachanga na wanaoanza kutembea hawahitaji kibadala chochote. Umoja wa Ulaya umezuia vibadala hivi katika vyakula vya watoto wa umri huo, na mimi naukubali uamuzi huo bila nyongeza.

Sukari ikishuka, soda ya zero haiokoi

Hili linaweza kuua mtu ndani ya saa chache, nalo halizungumzwi kama saratani inavyozungumzwa. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, sukari yake ya damu inaweza kushuka mno, hasa akichelewa kula: anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, moyo unakwenda mbio, anasema maneno yasiyoeleweka. Nyumbani kuna soda moja tu kwenye friji, nayo ni ya zero kwa sababu ndiyo "yake". Anapewa, anakunywa, hakuna kinachopanda. Kinywaji hicho hakina hata gramu moja ya sukari ya kumsaidia.

Anachohitaji ni gramu 15 hadi 20 za sukari inayoingia haraka. Vijiko vinne vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, ndani ya nusu glasi ya maji, vinatosha. Subirini dakika 15, mpimeni; ikiwa bado iko chini ya 4 kwa mashine inayosoma milimoli (au 70 kwa inayosoma miligramu), rudieni. Ikishapanda, ale chakula chenye wanga. Asiyeweza kumeza au aliyezimia msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mkimbizeni hospitali.

Kuna mtego wa pili, mpya kidogo. Kampuni nyingi zimepunguza sukari kwenye soda za kawaida na kufidia kwa vibadala vingine, sukralosi au asesalfemu-K, na jina la soda limebaki lilelile. Zamani nusu ya chupa ya mililita 300 ilikupa gramu 15 au 16. Ikiwa sasa ina gramu 5 kwa kila mililita 100, nusu hiyo inakupa saba na nusu tu. Uingereza jambo hili lilitokea mwaka 2017 kwa Lucozade, kinywaji ambacho wagonjwa wengi walikuwa wakikitegemea, na ilibidi waonywe kwamba kipimo chao cha zamani hakitoshi tena. Kwa hiyo geuza chupa, soma gramu za sukari kwa mililita 100, fanya hesabu ukiwa mzima. Au weka sukari ya kawaida kwenye kikopo chenye mfuniko, ndani ya mkoba, na usitegemee soda.

Jikoni

Aspatame haipendi moto wala kukaa sana. Ukiitia kwenye uji unaochemka, utamu unapungua. Itie baada ya kuepua. Soda yake iliyoanikwa juani dukani kwa wiki kadhaa hupoteza utamu pia. Sukralosi (E955) inavumilia chai na uji vizuri, ila maandazi na keki ni jambo jingine: mwaka 2019 taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari, BfR, ilitahadharisha kwamba sukralosi ikipashwa zaidi ya nyuzi 120 inaweza kuzaa misombo yenye klorini iliyo na madhara. Mafuta ya maandazi yanafika 170 na zaidi. Kwa maandazi, punguza sukari na uzidishe iliki. Hamira itaumua tu, kwani inapata chakula chake kwenye unga wa ngano.

Kosa la kila siku lipo kwenye vifuko. Kifuko kimoja cha sukralosi kina takriban miligramu 12 za utamu wenyewe (kilichobaki ni glukosi au maltodekstrini ya kujazia), na utamu wake ni sawa na vijiko viwili vya chai vya sukari. Aliyezoea vijiko viwili anatia vifuko viwili, akidhani amelingana. Ametia utamu wa vijiko vinne.

Vipo pia vile vya jamii ya pombe-sukari: sobitoli (E420), maltitoli (E965), zailitoli (E967). Pipi na biskuti za "bila sukari" zimejaa hivi. Havina sumu, lakini utumbo hauvifyonzi vizuri, hivyo vinavuta maji na kuchacha: tumbo linajaa gesi, kisha kuharisha. Gramu 20 za sobitoli zinatosha kumsumbua mtu mzima. Maltitoli, tena, hupandisha sukari ya damu, ingawa si kwa kasi ya sukari ya mezani, kwa hiyo biskuti hizo zihesabiwe. Kuhusu erithritoli (E968), utafiti wa Cleveland Clinic wa mwaka 2023 uliihusisha na matukio ya moyo na kuganda kwa damu. Haujathibitisha kwamba ndiyo chanzo, lakini mwenye ugonjwa wa moyo namshauri asiifanye ya kila siku.

Na asali si kibadala cha sukari. Takriban asilimia 80 ya uzito wake ni sukari. Sukari guru vilevile, na tende zilizokauka hazipo mbali. Mgonjwa wa kisukari anayeacha vijiko viwili vya sukari akatia viwili vya asali "kwa kuwa ni ya asili" ameongeza, kwa sababu kijiko cha asali ni kizito zaidi. Maneno "haijaongezwa sukari" kwenye juisi ya embe nayo yanamaanisha hivyo tu: haikuongezwa. Ya embe yenyewe imo yote. "Bila sukari", kwa kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni isiyozidi nusu gramu kwa mililita 100.

Kama lengo ni kupungua uzito, WHO ilishauri Mei 2023 kwamba tusivitegemee vibadala hivi, kwa kuwa majaribio ya muda mfupi yalionyesha tofauti ya chini ya kilo moja, na faida ya muda mrefu haikuonekana. Ushauri huo haukuwahusu waliokwisha kuwa na kisukari. Kwao, kifuko kimoja kwenye chai badala ya sukari bado kina maana.

Kwa asiye mgonjwa, njia ninayoipendekeza ni ya chai yenyewe. Anayetia vijiko vitatu apunguze nusu kijiko, akae nacho wiki mbili, kisha nusu nyingine. Tangawizi, mdalasini na mchaichai viongezwe kadiri sukari inavyopungua, na maziwa yasipunguzwe kwa wakati huohuo, maana utamu mdogo wa maziwa ndio unaosaidia ulimi kuvuka. Kutoka vijiko vitatu hadi kimoja ni wiki nane.