Gita ambalo halimo: nikisikiliza Head Hunters

Ukiwasha Head Hunters, albamu ya mpiga kinanda wa jazi Herbie Hancock, mwanzoni unasikia besi tu. Inapanda hatua fupi fupi, inatua; inapanda tena, inatua juu kidogo. Wengi hudhani hilo ni gita la besi. Siyo. Ni sinthesaiza (kinanda kinachounda sauti kwa umeme), aina ya ARP Odyssey, na anayeipiga ni Hancock mwenyewe. Paul Jackson, mpiga besi wa bendi, yumo, ila kiongozi wake kamwibia kazi. Basi kahamia juu kabisa kwenye shingo ya besi lake, anadonoa noti nyembamba ambazo kwa miaka mingi niliapa kuwa ni za gita la rithimu, lile linaloshika mdundo.

Na hapo ndipo utamu ulipo: albamu nzima haina gita hata moja. Fanki, muziki wa dansi wenye mdundo mzito, bila gita la rithimu ni kama chungu bila mafiga, lakini Hancock alilijaza pengo hilo kwa klavineti. Ndani ya kinanda hicho mna nyuzi. Ukibonyeza, mpira mdogo unaugonga uzi, kisha vipokezi kama vya gita la umeme vinaichukua sauti. Ipitishe kwenye pedali ya wah-wah, ile ya kukanyaga inayoifanya sauti ilie "wah-wah", uinue kidole upesi kabla noti haijakomaa, na umepata mkwaruzo wa gita kutoka mkononi mwa mpiga kinanda. Siri iko kwenye kuinua kidole kuliko kukibonyeza. Kujua hilo kumenigharimu muda mwingi.

Walikuwa watu watano tu, wakarekodi San Francisco mwaka 1973: Hancock, Jackson, Harvey Mason kwenye ngoma, Bill Summers kwenye ala ndogo za midundo, na Bennie Maupin kwenye saksafoni na ala nyingine za kupuliza. Vibao ni vinne, na cha kwanza, Chameleon, kinapita dakika 15. Sehemu yake kubwa inazunguka kwenye kodi mbili (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), Bb maina na Eb seveni, basi. Kwa mwanajazi aliyezoea kodi zinazobadilika kila mapigo mawili, hilo ni kama kufungiwa chumbani.

(Kabla ya hapo Hancock alikuwa na bendi ya watu sita waliojipa majina ya Kiswahili. Yeye alikuwa Mwandishi, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga. Muziki wao ulielea angani. Katika wale, ni Maupin peke yake aliyekuja naye huku chini, kwenye mdundo.)

Kibao cha pili, Watermelon Man, Hancock alikuwa ameshakirekodi mwaka 1962 kikiwa jazi ya kuchangamka. Mpangilio mpya, aliousuka Mason, umekipunguza mwendo hadi hukitambui mpaka saksafoni iimbe. Kinaanza na Summers akipuliza chupa ya bia. Anaiga hindewhu, filimbi ya noti moja ya Wababenzele wa Afrika ya Kati: unapuliza, unatoa sauti ya koo, unapuliza tena, hadi sikio lishindwe kujua pumzi imeishia wapi na sauti imeanzia wapi.

Cha tatu, Sly, ni kwa heshima ya Sly Stone, mwanamuziki wa fanki, nayo ndiyo yenye mbio kuliko zote. Ya mwisho, Vein Melter, isikilize usiku.

Mara ya kwanza mimi na wenzangu kujaribu Chameleon tuliiua. Gita letu lilikwaruza, mimi kwenye kinanda nikakwaruza palepale, besi ikakwaruza, na kila mmoja akaongeza sauti ili asikike. Mpiga ngoma alisimama, akaweka vijiti chini, akasema, "Mnanipigia kelele." Tukamwomba mpiga gita akae kando, mimi nikaondoa mkono wa kushoto. Tulipoanza tena, nikasikia haihati, yale matoazi mawili ya mpiga ngoma, ikipumua katikati ya noti zangu. Ilikuwepo muda wote.