Asilimia ya nini? Kukabili mafumbo ya asilimia na mwendokasi katika mitihani sanifu

Mtu anayejiandaa kwa SAT, GRE au GMAT, mitihani ya kuomba kujiunga na vyuo vikuu, hukutana mapema na aina mbili za mafumbo ya hesabu ambazo huwaangusha hata wale wanaozidisha na kugawanya bila shida: ya asilimia na ya mwendokasi. Mara nyingi hufundishwa kama mada mbili zisizohusiana, kila moja na kanuni zake za kukariri. Kwa maoni yangu, hapo ndipo matatizo huanzia, kwa sababu makosa mengi ya pande zote mbili yana chanzo kimoja. Mtahiniwa anachukua uwiano, anasahau uwiano huo ni wa kitu gani, kisha anaujumlisha na mwingine kana kwamba ni idadi ya kawaida.

Tuanze na asilimia. Bei imepanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Je, imerudi palepale? Wengi hujibu ndiyo. Chukua 100 iwe bei ya mwanzo. Ikipanda inakuwa 120. Asilimia 20 ya pili haitoki tena kwenye 100, inatoka kwenye 120, nayo ni 24. Zinabaki 96. Msingi ulibadilika katikati ya swali, na swali halikusema lolote juu ya hilo.

Kwa hiyo kabla ya kukokotoa chochote, jiulize: asilimia hii ni ya nini? Andika jibu pembeni, hata kwa neno moja. Kisha acha kabisa kujumlisha na kutoa asilimia, zidisha. Kupanda kwa asilimia 20 ni kuzidisha kwa 1.2, kushuka kwa asilimia 20 ni kuzidisha kwa 0.8, na 1.2 × 0.8 ni 0.96. Mistari mitatu imekuwa mmoja.

Uzuri wa kuzidisha ni kwamba unaweza kurudi ulikotoka. Baada ya punguzo la asilimia 20, kitu kinauzwa kwa 240. Bei ya awali ilikuwa ngapi? Mwenye haraka hutafuta asilimia 20 ya 240, anapata 48, anajumlisha na kuandika 288. Lakini punguzo lilikatwa kwenye bei ya awali, si kwenye 240. Bei ya awali mara 0.8 ni 240, hivyo tunagawanya 240 kwa 0.8 na kupata 300. Usishangae ukiikuta 288 miongoni mwa machaguo. Watunzi wa mitihani hii huandaa majibu yasiyo sahihi kutokana na makosa wanayojua watu watayafanya, kwa hiyo kuliona jibu lako kwenye orodha hakuthibitishi kwamba umepatia.

Kwa njia hiyohiyo, kiwango kikitoka asilimia 40 hadi asilimia 50 kimeongezeka kwa pointi 10, lakini ongezeko lenyewe ni asilimia 25 ya kiwango cha mwanzo. Soma swali linataka lipi.

Sasa mwendokasi. Gari linakwenda kwa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa mwendokasi wa safari nzima ni upi? Hamsini inajileta yenyewe, nayo si sahihi. Wastani wa mwendokasi ni umbali wote ukigawanywa kwa muda wote, basi. Swali halijatoa umbali, kwa hiyo chagua unaogawanyika vizuri, tuseme kilomita 120. Kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5 ni 48. Jaribu tena kwa kilomita 600 uone: bado ni 48.

Hapa inafaa kutulia kidogo. Gari lilitumia muda mrefu zaidi likienda polepole, ndiyo maana 40 ina uzito kuliko 60. Kama lingekwenda saa sawa kwa kila mwendo, 50 ingekuwa jibu halali. Basi ukisoma "nusu ya safari", hakikisha kwanza kama ni nusu ya umbali au nusu ya muda. Ni swali lilelile la asilimia: hii ni ya nini?

Jipime na hili. Msafiri amemaliza nusu ya umbali kwa kilomita 30 kwa saa. Nusu ya pili aende kwa kasi gani ili wastani wa safari nzima uwe 60? Wengi husema 90. Weka umbali wote uwe kilomita 60. Nusu ya kwanza imemchukua saa 1, na wastani wa 60 unampa saa 1 kwa safari nzima. Muda umekwisha akiwa katikati ya njia. Hakuna kasi itakayomsaidia.

Mada hizi mbili hukutana waziwazi katika maswali ya aina hii: dereva akiongeza mwendokasi kwa asilimia 25, anafika dakika 12 mapema. Kwa kawaida hutumia muda gani? Umbali haujatolewa, mwendokasi haujatolewa, na wengi huanza kuandika milinganyo miwili. Haihitajiki. Mwendokasi umezidishwa kwa 1.25, na umbali ni uleule, kwa hiyo muda unagawanywa kwa 1.25, yaani unazidishwa kwa 0.8. Muda umepungua kwa asilimia 20, si 25. Asilimia 20 ya muda wa kawaida ni dakika 12. Muda wa kawaida ni dakika 60.

Yaliyobaki ni mepesi. Wawili wanaoelekeana, jumlisha kasi zao. Anayemfukuza mwenzake, toa. Kilomita kwa saa gawanya kwa 3.6 upate mita kwa sekunde. Treni ikivuka daraja, umbali ni urefu wa daraja pamoja na wa treni yenyewe: treni ya mita 150 kwenye daraja la mita 350, ikienda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, inahitaji sekunde 25.

Muda wenyewe ni mfupi. SAT ina maswali 44 ya hesabu kwa dakika 70, na GMAT ina 21 kwa dakika 45 bila kikokotoo. Kwa hiyo zoezi ninalolipendekeza kuliko yote halina ukokotoaji. Chukua maswali uliyowahi kuyakosa, funika majibu, na kando ya kila asilimia na kila wastani andika tu ni ya nini. Fanya hivyo kwa maswali ishirini mfululizo, kisha ndipo uyakokotoe.