Kaa wa kombe na tangi lake: usafi unaofaa na usafi unaodhuru

Kaa wa kombe wa nchi kavu, yule mdogo anayejistiri ndani ya kombe tupu la konokono, hapendi uchafu. Lakini kaa wengi wanaofugwa huumizwa na mkono unaosafisha, na mkono huo ni wa mtu anayewapenda. Ndiyo maana naziandika hapa dhana potofu ambazo bado zinapokezanwa kama mashauri mema.

Dhana: Kila mwezi mwaga mchanga wote, osha tangi, weka mpya.

Hii nitakaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo yenye madhara makubwa. Kaa huyu hukua kwa kujivua gamba. Wakati wake ukifika hujichimbia mchangani, akajitengenezea kijipango chake chini kabisa, akakaa humo kwa wiki kadhaa. Mkubwa aweza kumaliza miezi miwili au zaidi bila kuonekana. Akishatoka katika gamba la zamani mwili huwa laini, miguu haina nguvu, na hana cha kujikinga nacho. Lile gamba kuukuu halitupi. Hulitafuna kidogo kidogo, maana ndimo yalimo madini ya kalisi ya kukazia gamba jipya.

Sasa pitisha kijiko hapo. Mimi nilikipitisha, katika mwezi wangu wa pili wa kufuga, nikifuata nilichoambiwa siku niliyomnunua. Nilimkuta amepauka, amejikunja ubavuni mwa kishimo chake, na nilipomwinua mguu mmoja ulibaki mchangani. Alikufa siku ya tatu. Tangi lilikuwa linang'aa.

Ukweli ni kwamba mchanga ulio katika hali nzuri haubadilishwi kwa kufuata kalenda. Hubadilishwa kukiwa na sababu: umejaa maji, umeanza kunuka, ukungu umeenea hadi ndani, au utitiri umevamia. Kazi ya kila siku ni ndogo tu: okota mabaki ya chakula na kinyesi kilicho juu, basi. Na ukilazimika kubadilisha, kwanza hesabu kaa wako. Kama mmoja haonekani, huenda yuko chini anajivua. Msubiri apande, isipokuwa mchanga wenyewe umeshaharibika kiasi cha kumtishia uhai.

Mchanganyiko unaotumiwa na wafugaji wengi ni mchanga sehemu 5 kwa sehemu 1 ya usumba wa nazi, kina kisipungue sentimita 15, au mara tatu ya kimo cha kaa mkubwa kuliko wote. Kupima unyevu hakuhitaji chombo. Chota ngumi moja ukaminye: ukifungua kiganja, bonge libaki na alama za vidole, na maji yasidondoke.

Dhana: Nyunyizia maji kila siku, tangi likae bichi na safi.

Kaa huyu hupumua kwa mashavu kama ya samaki, yanayohitaji hewa yenye unyevu, wa asilimia 75 hivi kwenda juu. Hewa ikikauka, hukosa pumzi polepole. Hadi hapo wanyunyizaji wako sawa. Tatizo ni kwamba maji unayonyunyizia hayabaki hewani. Huchuruzika na kutuama chini. Chungulia tangi kwa ubavuni: mchanga wa chini ukiwa umebadilika rangi, umekolea kuliko wa juu, na maji yanacheza kwenye kona, hapo hewa haifiki tena. Bakteria wasiohitaji oksijeni huchukua nafasi, ndipo hutoka ile harufu ya yai viza. Unyevu mzuri hutokana na kifuniko kinachobana, mchanga uliolowa kiasi, na mabakuli ya maji.

Dhana: Kaa naye aogeshwe kila wiki.

Aachwe. Ndani ya kombe lake hubeba maji aliyojichanganyia mwenyewe, ya chumvi na yasiyo ya chumvi, kwa kadiri mwili unavyotaka. Kumtumbukiza kwa nguvu ni kumvurugia hesabu hiyo na kumtia hofu. Mwekee mabakuli mawili, moja la maji yasiyo ya chumvi na moja la maji ya chumvi, yenye kina cha kumtosha kuzama na vijiwe vya kupandia atoke. Ataoga akitaka.

Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu, au mapema zaidi yakichafuka. Chumvi iwe ile ya matangi ya samaki wa baharini, si ya jikoni. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza kwa dawa wanayotumia wafugaji wa samaki. Kuyaacha wazi usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, ila kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hubaki.

Dhana: Bila sabuni hakuna usafi. Sabuni huacha mabaki, na kaa huokota vitu na kuvipeleka mdomoni. Maji ya moto yatosha kwa vyombo. Kioo kipanguse kwa siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, kisha suuza na ukaushe. Makombe ya akiba yachemshe. Sponji ndani ya bakuli haina kazi ya lazima, nayo hugeuka haraka kuwa maskani ya bakteria. Itoe tu.

Dhana: Ukikuta kaa amelala nje ya kombe, hasogei, mtupe kabla hajanuka.

Ngoja kwanza. Huenda hilo ni gamba tupu. Lisogeze kwenye mwanga: ni jepesi mno, miguu ni mitupu kama maganda, hata vifuniko vya macho vimo, na ndani hamna nyama. Mwenyewe yuko karibu, ni laini, na hilo gamba ndilo chakula chake. Wapo wanaojivua juu ya mchanga badala ya chini. Kata chupa ya plastiki juu na chini, uizungushie sehemu yote alipo pamoja na gamba lake, uikandamize kidogo mchangani ili wenzake wasimfikie. Mwekee maji karibu, punguza mwanga, usimguse.

Nyama iliyokufa kweli hunuka kama samaki aliyeoza, na harufu hiyo huzidi siku hadi siku.